Tangazo la Kumtafuta Chanelle

Buyenzi, Bujumbura
Jumanne

Dada yangu mpendwa Sikuzani,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji na watoto wote hapo Kigoma. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba yule mdogo ameanza kutembea bila kushika ukuta. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatoka barazani na kuanza kuwakosoa wapita njia kama kawaida yake. Mafuta ya gari bado ni shida, kwa hiyo wapita njia wa kukosoa hawakosekani.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi ninayekutumia sauti kwenye simu hata nikiwa nakula. Nimeandika kwa mkono kwa sababu siku hizi naogopa kila kitu kinachoweza kutumwa mara ya pili.

Kazi ya kutengeneza matangazo ipo. Bado nina kile chumba karibu na soko, na ordinateri, kompyuta yangu ya zamani, ni ile ile. Kila mteja anataka herufi za dhahabu zenye kivuli. Wachungaji wanataka moto nyuma yao na mikono imekunjwa kifuani. Vijana wanaoimba wanataka kuegemea gari ambalo si lao. Nawaambia afishi, bango la ukutani, ni kama mtu anayeongea, akisema mambo kumi kwa pamoja hasikiki. Wananicheka. Na sasa zimekuja programu hizi za akili bandia: unaandika sentensi moja, inatoka sura ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Wenzangu wanasema zitatunyang'anya mkate. Mimi nilikuwa nasema apana, mashine haina jicho, jicho ni langu. Nilijivunia sana jicho hilo, dada, na ndiyo maana nakueleza yanayofuata.

Wiki tatu zilizopita aliingia mtu anayeitwa Valéry, anakaa Kigobe, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alisema dada yake Chanelle amepotea, kwamba akili yake haijatulia na familia haipati usingizi. Alikuwa na picha moja tu kwenye simu. Nilimhurumia. Niliwaza, je, angekuwa ni wewe? Nikakaa kufanya tangazo kama ninavyotaka siku zote kufanya: sura kubwa, jina, namba moja ya simu, nyuma njano tupu. Hakuna kingine. Valéry alilitazama, kisha akasema, "Sasa ataonekana." Nilidhani ananisifu.

Kabla ya swala ya Ijumaa lilikuwa limefika kwenye vikundi vya WhatsApp vya kila mtaa. Mama mwenyewe alinitumia, akiniomba nifungue macho njiani nisije nikampita huyo binti wa watu. Valéry akawa anarudi kila siku. Anaketi kwenye kiti cha wateja, anasoma ujumbe unaoingia. Mtu amemwona Kinanira. Mwingine amemwona Kamenge, upande wa hospitali. Siku moja akaniomba nimtoe Chanelle aliyenyoa nywele, na Chanelle aliyejifunga ushungi, kwa sababu huenda amejibadilisha. Nilimuuliza kwa nini mtu ambaye akili yake haijatulia ajibadilishe. Akajibu kwamba wagonjwa wa namna hiyo wana ujanja. Nikaitia picha kwenye mashine, ikamtoa kwa sura sita. Akazichukua zote.

Kesho yake Léoncie, yule fundi cherehani wa mlango wa pili, aliniita kwake na kufunga mlango mchana kweupe. Alisema anamjua Chanelle, waliimba kwaya moja. Alisema Valéry si kaka yake hata kidogo, ni mumewe, na Chanelle alimtoroka baada ya kuona kwamba atauawa mle ndani. Amejificha Kamenge, kwa shangazi wa Léoncie. Hawezi kutoka hata kununua chumvi, maana majirani wameanza kumlinganisha na tangazo. Na jana yake gari lenye vioo vyeusi lilipita pale mara tatu, polepole.

Nilimuuliza alijuaje kwamba tangazo ni langu. Akasema hapa mtaani hakuna mwingine anayeacha nafasi tupu kiasi kile. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Umemupata, Ilias. Sasa umufiche."

Leo asubuhi tulikwenda Kamenge pamoja. Léoncie alimwambia kwamba mimi ni jirani mwenye dada Kigoma, basi. Chanelle ana sauti ndogo, na anakaa mahali ambapo anauona mlango. Alitupikia chai. Tangazo lilikuwa mezani, mtu alikuwa amelichapisha. Alisema alipoliona mara ya kwanza, kilichomtisha zaidi hakikuwa jina lake wala ile namba ya simu. Ilikuwa shingo. Picha ile ilipigwa kwenye ubatizo wa mtoto wa wifi yake, siku mbili baada ya Valéry kumkaba, na alama zilikuwepo, hata poda haikuzificha. Kwenye tangazo shingo ni safi. Alisema alikaa siku nzima akijiuliza kama aliota tu. Kisha akauliza, bila hasira, ni mtu gani aliyekaa chini akazifuta moja moja.

Nilikunywa chai.

Dada, nilizifuta mimi. Hilo hata Léoncie halijui. Nilipoikuza picha siku ile ya kwanza niliona vidole vinne upande mmoja wa shingo na kidole gumba upande wa pili. Sitakudanganya kwamba nilidhani ni kivuli. Nilivihesabu. Valéry alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniona nikihesabu, akasema taratibu kwamba familia ingependa apendeze. Ningeweza kumwambia ordinateri imeharibika. Lakini kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na alama zile zilikuwa zinaniharibia rangi ya ngozi kwenye picha. Ilinichukua dakika ishirini. Nilikuwa nasikiliza muziki.

Mchana huu Valéry amenipigia. Anataka tangazo kwa Kiswahili, la kupeleka Tanzania. Nilimwambia mashine imekufa. Akasema si tatizo, picha anayo, maneno yanaweza kubadilishwa na yeyote mwenye simu. Ni kweli. Siwezi kulirudisha.

Anayekukabidhi barua hii ndiye Chanelle. Mpokee. Asipigwe picha, hata na watoto kwa mchezo. Tangazo likifika huko, na litafika, sema humjui. Ndani ya bahasha nimetia ile picha kama ilivyokuja kwangu, haijaguswa, kwa siku atakayoihitaji mbele ya hakimu.

Kesho alfajiri nitampa bahasha bila kuifunga. Nitamwambia safari ni ndefu, akitaka aisome. Nadhani atasema hasomi barua za watu. Akifika hajaisoma, msomee wewe, umekaa karibu naye, na usiliruke jina langu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Ilias