Maandishi Makubwa ya Mjomba

Temeke, Jumatano, Mei 1998

Bado sijaamua. Niandike programu yangu kwa Pascal, lugha ya kompyuta ninayoijua, au kwa C, wanayoitumia wenye ule mfumo wa bure wa kompyuta? Kila nikidhani nimepata jibu, nasoma ukurasa mwingine naanza upya. Kichwa kinaniuma.

Ninachotaka ni programu itakayosoma yenyewe joto na presha ya boila pale kiwandani. Tena iwe wazi, fundi wa kiwanda chochote aichukue bure, aifungue, airekebishe. Hilo nalo meneja mpya halielewi. "Kitu cha bure, dada, kina nini ndani?" Sijui hata nimjibu nini.

Asubuhi nilimkuta Mjomba Salumu kwenye boila, anasoma geji za joto na presha na kuandika daftarini. Ndiyo kazi yake tangu mie sijazaliwa, na ndiye aliyeniombea kazi hapa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kompyuta yako uniwekee maandishi makubwa. Macho yangu si unayajua."

Nikamwambia haya, nitaweka. Nikaondoka nawaza, maandishi makubwa kwa Pascal ni rahisi, lakini kwa C...

Mchana kikao. Nilibeba makaratasi yangu yote, niko tayari kuitetea C, na nikibanwa niitetee Pascal. Meneja wala hakuuliza lugha. Aliuliza, "Itapunguza watu wangapi pale kwenye boila?"

Wiki nzima hii, hilo ndilo swali pekee nililokuwa na jibu lake.

Nikasema sijui.