Nilidhani Nimemfungia Mwizi, Kumbe Nimemfungia Binti Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu hivyo hivyo maana aliyefikwa hachagui wa kumwamkia. Mimi ni mtunzi wa vitabu na pia ni katibu wa chama cha watunzi, kazi ambayo haina faida nyingine zaidi ya heshima, na sasa hata hiyo heshima naona inaninyemelea kwa nyuma na rungu mkononi, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka.

Kitabu changu kikubwa, riwaya ya kurasa mia tatu, kilitoka miaka kumi na sita iliyopita, mchapishaji akakitoa mara moja akanyamaza, ukienda kuuliza unaambiwa maboksi yako stoo na ufunguo wa stoo anao mtu aliyesafiri, huku nje watu wanakitoa fotokopi mchana kweupe, na mtandaoni ndiyo usiseme, kuna tovuti zinachukua vitabu vizima na kuvibandikia matangazo ya kamari, unasoma ukurasa mmoja unarukiwa na mwanamke anayekuambia umeshinda gari. Iliniuma, mshauri, na inaniuma mpaka leo. Ndiyo maana chama kilipopigania sheria ya kufungia tovuti za wezi mimi nilikuwa mstari wa mbele, nilizunguka ofisi hadi ofisi, nilizungumza redioni, na hata fomu ya malalamiko inayotumika sasa, ile ya ukurasa mmoja, ni mimi niliyependekeza iwe fupi, mlalamikaji ajaze jina la tovuti na jina la kitabu, atie sahihi, na ndani ya siku mbili tovuti iwe imefungwa, mwenye tovuti aulizwe baadaye, maana nilisema kwa kinywa changu kwamba mwizi hapigiwi hodi. Watu walipiga makofi.

Sheria ikapita. Siku ya kwanza ya kupokea malalamiko mwenyekiti wetu alitaka chama kiwe cha kwanza kwenye foleni, nikakaa kwenye kompyuta ya ofisi nikatafuta jina la kitabu changu, zikatokea tovuti saba, sita nazijua ni za wale wa kamari, ya saba ilikuwa ngeni kwangu, inaitwa Sauti ya Jirani, haina tangazo hata moja, jambo lililonitia shaka zaidi, na chini ya jina la kitabu changu pameandikwa kimesikilizwa mara elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Kusikilizwa, mshauri! Mtu alikuwa amekisoma kwa sauti, sura kwa sura. Sitakuficha, wivu ulinipanda, kwa sababu tangu nianze kuandika sijawahi kupata wasomaji elfu nne, hata ukijumlisha na wanafunzi waliolazimishwa. Kitufe cha kusikiliza kilikuwepo. Sikukibonyeza, nilijiambia kusikiliza mali ya wizi ni kushiriki wizi, na mimi ni katibu. Nikajaza fomu zote saba, nikatia sahihi, nikaenda nyumbani nikala nikashiba.

Nyumbani tunaishi watatu tangu mke wangu afariki, mimi, mama yangu mzazi ambaye macho yalimwisha miaka mitatu iliyopita, na binti yangu wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi duka la dawa. Mama hushinda barazani na waya za simu masikioni, mimi nikijua anasikiliza mahubiri, na binti naye kila Jumapili mchana hujifungia kwenye kabati la nguo, ndiyo, kabati, anaongea humo saa nzima, nikadhani ana mchumba, nikawa nimeshaanza kujiandalia maneno ya kuwaambia wakwe. Basi siku ya tatu baada ya zile fomu nimemkuta mama ameishika simu kwa mikono miwili, ananiambia, "Mwanangu, hebu niangalizie hii simu, leo haisemi." Naichukua, simu nzima, chaji imejaa, kwenye kioo kuna maandishi mekundu: Tovuti hii imefungwa kwa malalamiko ya mwenye haki. Nikamuuliza alikuwa anasikiliza nini. Akasema, "Si kitabu chako! Mjukuu wangu ndiye anayenisomea. Tulifika pale mpiga chapa anapotaka kuzichoma zile barua. Ila usimwambie kama nimekwambia, anataka akushtukize wasikilizaji wakifika elfu tano."

Mshauri, nilikaa chini, na penyewe palikuwa na ndoo.

Kumbe nguo zinameza kelele, ndiyo maana anarekodi kabatini. Anasoma vitabu ambavyo havipatikani tena madukani, wanamsikiliza wasioona, madereva wa malori, akina mama wenye mikono kwenye unga, miaka miwili sasa, na simu yake ni ndogo haibebi vitu vingi, akisharusha sura mtandaoni anaifuta kwenye simu, kwa hiyo kazi yote iko kule kule kulikofungwa. Na sheria inasema mwenye tovuti asipokata rufaa ndani ya siku kumi na nne, kila kilichomo kinafutwa moja kwa moja. Kipengele hicho nacho nilikiunga mkono.

Binti alinijia analia. "Baba, wewe unawajua hao watu wa hakimiliki, niandikie rufaa. Nani huyo mwenye roho mbaya ya kumnyang'anya bibi kitabu?" Nikamwambia tusiwe na pupa, tuangalie taratibu. Taratibu, mshauri, nazijua kama jina langu, akikata rufaa atapewa nakala ya malalamiko, na kwenye nakala kuna sahihi yangu anayoijua tangu ripoti zake za shule. Njia nyingine ni mimi kwenda mwenyewe kuyafuta malalamiko, wanafungua siku hiyo hiyo, lakini nilipomdokezea mwenyekiti aliruka, akasema, "Katibu, hii ndiyo tovuti pekee tunayoweza kuwaonyesha watu! Zile sita zimebadilisha majina kesho yake na zinaendelea. Ukiifungua hii tutasema tumemkamata nani?" Na Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe, natakiwa kupewa cheti cha Mlinzi wa Haki za Watunzi, na binti ameshanipigia pasi suti, machozi yakimtoka.

Leo ni siku ya tano tangu ifungwe. Nimewaza niziache siku zipite halafu nimnunulie simu kubwa aanze upya. Nimewaza pia nifute malalamiko kimyakimya baada ya sherehe, lakini sherehe yenyewe inaangukia siku ya kumi na tano. Hata pa kupumzishia kichwa sina, jana nilitaka kuangalia mpira kwenye ile tovuti yetu ya mechi nikakuta nayo imefungwa, ikabidi fundi simu aniwekee programu ya kupenyea tovuti zilizofungwa. Nisaidie, nifanyeje ili binti asijue, mama asikose kitabu na mimi nisikose cheti? Na tafadhali, barua hii isinakiliwe popote bila idhini yangu.

Mimi, Mtunzi Aliyebanwa

MSHAURI ANAJIBU

Mtunzi Aliyebanwa, pole. Ishike vizuri hiyo pole, sina nyingine.

Kwanza ombi lako la mwisho. Barua yako nimeinakili kwa mkono, mara moja, baada ya kuimwagia chai pale uliposema ulikalia ndoo. Nishtaki. Fomu unaijua, ni ya ukurasa mmoja.

Sasa tuongee. Hasira yako ya mwanzo ilikuwa halali, na hapo niko upande wako. Anayechukua kitabu cha mwenzake akakibandikia kamari ni mwizi, na wale watakaoniandikia wiki hii kwamba vya mtandaoni vyote ni vya bure, nitawauliza kama na mshahara wao tuugawe bure. Ulistahili sheria. Lakini mlivyoitengeneza, mkaweka mlango wa kushtaki mkasahau wa kusikiliza. Mwizi hapigiwi hodi, sawa, ila ungejuaje ni mwizi wakati hata dirishani hukuchungulia? Kitufe kilikuwa mbele yako. Ungekibonyeza, sekunde moja tu, ungeisikia sauti uliyoifundisha mwenyewe kusema "baba". Lakini wewe ni katibu, bwana, makatibu hawabonyezi.

Matokeo yake wezi sita wamehama, maana kuhama ndiyo kazi yao na wanaifanya kwa bidii kuliko chama chenu. Aliyebaki palepale na jina lake lilelile ni yule ambaye hakujua kwamba ana sababu ya kukimbia. Huyo ndiye ushindi wenu. Hongereni sana. Na mlinzi wa haki mwenyewe yuko kwa fundi simu, anaipenya sheria yake aangalie mpira! Huyo fundi mwalikeni kwenye sherehe, naye apewe cheti, kwa sababu katika barua yako yote ndiye pekee aliyeielewa sheria yenu.

Umekiri wivu, na hilo nimelipenda, wenzako huuita uzalendo. Lakini kuna mahali umepita mbio nami nitakurudisha. Mama yako haoni, huu mwaka wa tatu. Wewe ni mtunzi, unaishi naye nyumba moja, kitabu unacho, na mdomo unao, tena wa kufika redioni. Umemsomea kurasa ngapi? Nimeipekua barua yako juu chini, sijaona hata moja. Hata kujua anasikiliza nini hukujua, ukamkabidhi kwa wahubiri ukaondoka. Mjukuu wake akaingia kabatini, kwenye joto, katikati ya makoti, akaifanya kazi yako miaka miwili, nawe ukamwita mwizi kwa maandishi. Hilo limeniudhi, na sitalipaka sukari.

Halafu hilo wazo la kuziacha siku zipite ukamnunulie simu. Nimelisoma mara mbili nikitumaini ni utani. Yaani umfutie kazi ya miaka miwili, kisha umfariji, kisha yeye akushukuru? Hata wale wa kamari, ndugu yangu, hawajafika huko.

Binti naye simwachi. Angekuuliza. Kitabu kina mwenyewe, hata mwenyewe akiwa baba, na nia njema haijawahi kuwa ruhusa. Mwambie nimesema hivyo, ila usimwambie kabla hujamaliza ya kwako, maana nakujua utaanzia na ya kwake.

Sasa fanya hivi. Leo akirudi kazini, mkalishe, umwambie, "Ni mimi niliyekufungia." Maneno matatu, usiyahariri. Usianze na historia ya hakimiliki, usimtaje mwenyekiti, na usiseme "kulitokea makosa", kwa sababu makosa haya hayakutokea, yalitiwa sahihi. Akilia mwache alie. Akikasirika usimkumbushe kwamba wewe ni baba yake, hajasahau, ndiyo maana anakasirika. Kesho asubuhi uwe wa kwanza kwenye mlango wa ile ofisi, na kitambulisho chako mkononi, ufute malalamiko ya tovuti ya saba. Zile sita endelea kuzifukuza, nakuombea pumzi. Kisha umwandikie binti ruhusa ya kitabu chako kwenye karatasi, na kwa kuwa anwani za watunzi wenzako unazo wewe, umsaidie kuomba za vitabu vingine, mmoja mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya katibu.

Cheti chukua au kiache, mimi hakinihusu. Lakini ukisimama mbele ya kipaza sauti, waambie waongeze mstari kwenye fomu: "Nimeifungua tovuti hii na kuikagua kabla ya kulalamika," na sahihi chini yake, na mwenye tovuti aulizwe kabla ya kufungiwa, si baada. Hawatapiga makofi. Utazoea.

Na mama yako asilale na hamu ya kujua kama zile barua zimechomwa. Aliyeziandika ni wewe, vuta kiti umsomee.

NYONGEZA KWA WASOMAJI

Barua hii imekaa mezani kwangu siku kadhaa. Siku niliyoipata nilimpigia mwenyewe simu nikamsomea jibu lote, nikamwambia sitachapisha hata nukta moja mpaka amwambie binti yake kwa mdomo wake, maana nilihisi anataka gazeti limsemee. Siku mbili baadaye akaniletea ujumbe huu, pamoja na idhini ya kuuchapisha:

"Mshauri, nimemwambia. Alinitazama tu, akaingia chumbani. Jana tovuti imefunguliwa saa nne asubuhi, nimempa habari hiyo, chakula ameniwekea mezani bila neno. Jioni nimevuta kiti nikamsomea mama. Amenikatiza mara kumi na moja, anasema nasoma kama karani anayeita majina ya waliofeli. Nilipofika kwenye zile barua akanishika goti. Nikadhani nimekosea tena. Akasema, 'Paza sauti kidogo, mwanangu, kuna mwingine amesimama hapo mlangoni anasikiliza.' Sikugeuka. Nilipaza sauti."