Wasimamizi wa Ndoa ya Anitha

Jumapili, 1 Juni

Nguo za ibada nimeshafua. Wali umeungua chini, Baba Eliya kaula bila neno. Sipendi akinyamaza hivyo.

Leo mume wangu huyo amefundisha tena wanandoa kanisani. Mume ampende mke kama nafsi yake. Watu makofi. Mke mwenyewe nimekaa safu ya mbele, blauzi ya mikono mirefu, joto la Kibaha lote ni langu. Mkono wa kushoto bado umevimba.

Kisha mchungaji akatangaza: mimi na mume wangu ndio wasimamizi wa ndoa ya Anitha na Festo. Tuwafundishe nyumbani kwetu mpaka harusi, yeye kijana, mimi binti. Eti tumechaguliwa kwa sababu nyumba yetu haijawahi kusikika ugomvi. Majirani wanasikia mapambio tu.

Mapambio! Anaongeza sauti ya redio kwanza, ndipo ananigeukia. Nani atasikia? Eliya mwenyewe yuko shule ya bweni.

Sijawahi kuyaandika haya popote. Naogopa hata hapa.

Jumatano, 4 Juni

Somo la kwanza. Baba Eliya na Festo sebuleni, mimi na Anitha chumba cha pili, katikati pazia.

Anitha anafundisha chekechea. Baba yake hayupo duniani, mama yake analima mihogo huko kwao Kibuta, Kisarawe. Binti mcheshi, ananipigia goti kwa shikamoo. Nikamfundisha nilivyofundishwa. Mume akikasirika, usijibu. Siri ya nyumba isitoke nje. Vumilia, omba. Anaitikia kila neno.

Uongo mtupu. Nimemtazama usoni na kumwambia uongo mtupu.

Nyuma ya pazia Baba Eliya alikuwa anacheka na Festo. Sikusikia wanacheka nini.

Jumapili, 8 Juni

Jumapili ijayo natakiwa kutoa ushuhuda madhabahuni. Ndoa yenye amani. Maneno kanipangia Baba Eliya. Baada ya chakula nimeyarudia mbele yake nimesimama, kama mtoto wa shule. Nilipokosea, akaitazama redio.

Aliitazama tu. Nikayasema yote bila kukosea.

Jumanne, 10 Juni

Mungu wangu.

Anitha kaja anacheka. Festo kanunua spika kubwa. Kitanda bado, spika tayari! Nikamtania, nikasema huyo bwana harusi au DJ. Akasema, "Baba Eliya ndiye kamshauri, mama. Eti nyumba changa isikose nyimbo za sifa."

Kikombe kikanitoka mkononi. Nikasingizia kizunguzungu. Akaokota vigae, akasema taratibu kwamba Festo siku hizi kawa mkali kidogo. Juzi kamvuta mkono mbele ya watu. "Lakini nitavumilia, mama, kama ulivyonifundisha."

Pazia lile. Na Baba Eliya nyuma yake. Nikafungua maandiko, nikaendelea na somo. Mwoga mimi! Anamfundisha kijana kila kitu, hatua kwa hatua, na mimi namwandaa binti akubali.

Alhamisi, 12 Juni

Nikisema, ataniua. Sitii chumvi. Nisiposema, mtoto wa watu anaingia nilimo.

Nimejikaza, nimekwenda kwa mama mchungaji. Hata sijafika popote kanikata kauli. "Mama Eliya, shetani anazitafuta nyumba za watumishi. Funga, uombe." Kanisindikiza hadi getini.

Jioni Baba Eliya kaniuliza nilifuata nini kule. Kauliza kwa upole. Nikasema vitenge vya kwaya. Akasema, "Sawa." Basi.

Redio hajaiwasha. Nipo jikoni, naisikiliza isiyowaka.

Jumamosi, 14 Juni

Naandikia Kibuta.

Wamama wa kanisa tulikuja kwenye kikao cha sendofu, kupanga kumuaga binti, kwa kina Anitha. Baba Eliya kabaki Kibaha anaandaa mahubiri. Asubuhi kanifunga mwenyewe kilemba, kaniambia nisichelewe kurudi. Vidole vyake shingoni. Nikajua anajua, au nimeanza kuchanganyikiwa.

Kikao kilipoisha nikamwita Anitha na mama yake nyuma ya nyumba. Sikujua nianzie wapi. Nikapandisha mkono wa blauzi. Alama za zamani, alama mpya. Halafu nikasema redio ni ya nini, na spika ni ya nini.

Mama yake alishika mdomo. Anitha hakulia. Kaniuliza, "Sasa mbona ulinifundisha kuvumilia?"

"Nilikuwa naogopa."

"Na sasa?"

"Naogopa zaidi."

Akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kigoda, akaingia ndani. Hakuniaga, na ana haki yake. Gari la wamama likapiga honi, likapiga tena. Mama Anitha akatoka kuwaambia naumwa tumbo, nitalala hapa. Sikumwomba aseme hivyo.

Kila pikipiki inayopita najua ni Baba Eliya.

Jumapili, 15 Juni

Saa hii kanisani ni zamu ya ushuhuda wangu. Atakuwa amesimama yeye. Atakuwa ameomba waniombee.

Asubuhi simu ilikuwa inalia tu. Sikupokea. Kabla ya saa ya ibada ukaingia ujumbe. Nimeiweka simu kifudifudi, nimeigeuza, nimesoma: "Rudi nyumbani mke wangu. Nimekusamehe."

Kanisamehe.

Anitha kanipitia na ndoo ya maji, kaniamkia, hakusimama. Shikamoo yake nimeipokea.

Mama Anitha anamenya mihogo barazani. Kaniuliza nipikiwe ya nazi au ya kukaanga. Nimekaa nikifikiri muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa jambo gumu. Naye hakuniharakisha. Nimesema ya nazi.