Simu Yangu Sasa Inaruka, Lakini Ofisini Haitambuliki

Mshauri wetu mpendwa, naomba unishike mkono katika jambo hili. Nakuandikia leo, maana ningekuandikia jana asubuhi ungedhani nimeua mtu.

Mimi ni karani wa masijala, niko mwezi wa tano kati ya sita ya majaribio, na kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga mihuri na kuziweka kwenye majalada. Simu yangu ina miaka mitano, kampuni iliyoitengeneza iliacha kuiletea masasisho miaka miwili iliyopita, na ilikuwa imechoka kiasi kwamba nikipigiwa, jina linatokea kwenye kioo wakati mpigaji ameshakata tamaa. Jumapili kaka yangu, ambaye ni fundi wa simu, akaichukua akaiflashi, yaani akaondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine uliotengenezwa na watu wa kujitolea, ambao bado unasasishwa kila mwezi. Akanirudishia akisema, "Mdogo wangu, ulikuwa unasukuma mkokoteni, nimekupa pikipiki. Usinishukuru, nipikie tu." Na kweli inaruka, chaji inakaa siku nzima, nikafurahi mno.

Jumatatu nikafika ofisini, nikafungua programu ya mahudhurio, maana siku hizi hatusaini daftari, tunabonyeza simu, nayo ikakataa kabisa, ikaandika kwamba mfumo wa simu hii umebadilishwa na hauaminiki. Hapo, mshauri, badala ya kwenda kwa mkuu wetu na kusema, nikaogopa ataniona mtu wa kuchezea vifaa, na mkataba wangu unaamuliwa mwezi ujao, basi nikampa mwenzangu wa meza ya jirani, tunayemwita Chapuchapu, namba yangu na neno langu la siri awe ananibonyezea kwenye simu yake. Jumatatu sawa, Jumanne sawa. Jumatano Chapuchapu akatumwa posta moja kwa moja kutoka nyumbani, na kwa wema wake akanibonyezea akiwa huko huko, wala hatukujua sote wawili kwamba programu ile inaandika na mahali.

Jana Alhamisi mkuu akaja mezani kwangu na karatasi. "Mwanangu," akasema, "taarifa inasema jana saa mbili kamili ulikuwa posta. Sasa yule niliyemwona hapa saa mbili akigonga mihuri ni nani?"

Nikamwambia yote, sikubakiza, hata la pikipiki. Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Hili siliingizi kwenye jalada lako. Ila nyie wawili mkirudia, nitaliingiza, tena ukurasa wa kwanza. Wiki ijayo utasaini daftari. Baada ya hapo nataka simu inayokubalika."

Nilikwenda chooni nikalia kwa nafuu. Sasa nirudishe mfumo wa kiwandani, mzito na usio na masasisho, na kaka aone nimeidharau kazi yake, au nibaki na huu mpya? Kaka anasema ipo njia ya kuidanganya programu isitambue. Naogopa kumkatalia.

Karani wa Masijala

MSHAURI ANAJIBU

Karani, pole, na hongera kwa kusema kweli, ingawa ulichelewa siku tatu.

Kwanza tuelewane. Kubadilisha mfumo wa simu si kosa. Kwa mtu ambaye simu yake ni ya kupigia na kusoma tu, kaka yako amefanya kazi nzuri sana. Kosa lako ni kumpa mwingine neno la siri akuhudhurishe kazini, na msomi kama wewe hukuhitaji kuambiwa na mimi.

Kuidanganya programu? Hapana. Umeponea kwenye kicheko cha mkuu wako, unataka kumjaribu tena? Rudisha mfumo wa kiwandani. Kabla ya hapo nakili picha na namba zako zote mahali pengine, kwa sababu simu itafutwa yote. Kaka arudishe na kufuli la mfumo, lile alilolifungua ili aweze kuubadilisha, lakini baada ya mfumo wa kiwandani kukamilika, si kabla, asije akaiua simu. Kwa kuwa haina masasisho, ipunguzie mzigo, usipakue programu za ovyo, na anza kujipanga kwa simu ambayo kampuni yake bado inaihudumia. Fanya wikendi hii, ili ukikwama uwe na wiki nzima ya daftari.

Kuhusu kaka yako, mwambie wazi kwamba kazi yake ni safi ila ofisi yako haiikubali. Yeye ni fundi, amezoea wateja wanaorudi. Mpikie alivyoomba.

Jumatatu baada ya wiki hiyo ya daftari simama mlangoni pa ofisi, ubonyeze mwenyewe, kwa neno jipya la siri ambalo Chapuchapu halijui.