Mbwa wa Theluji wa Umm Salal

Umm Salal,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 22 Agosti 2014.

Mpendwa Shangazi Jennifer,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini nyote mko wazima hapo Kaptarakwa. Goti lako linaendeleaje? Nilisikia mvua imewazidi na viazi vimeanza kuozea shambani, nikasikitika. Mimi mwilini niko sawa. Moyo ndio unaumwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Simu yangu imechukuliwa, kwa hiyo ukipiga usipopata jibu usifikirie mabaya zaidi. Barua hii nimempa Tom, kijana wa kwetu anayelinda lango la jirani, anayerudi Eldoret kesho. Mpe chai akifika. Amenisaidia sana.

Ile picha ya Pasaka, uliniuliza kama wale wanyama ni mbweha, na Mjomba Wesley akasema ni fisi waliooga. Nilicheka siku nzima. Ni mbwa, Shangazi. Ni mbwa wa nchi za barafu, wanaofungwa kamba wakavuta sleji, ule mkokoteni usio na magurudumu unaoteleza juu ya theluji. Mtoto mkubwa wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kuja huku, anawapenda kuliko magari yake. Aliwaagiza mmoja baada ya mwingine, akawajengea chumba chenye AC nyuma ya nyumba. Mimi nililetwa hapa kufua na kupiga pasi, lakini kwa kuwa wenzangu ni Waislamu na hawagusi mbwa, kazi ikaniangukia.

Mwanzoni nilidhani wote ni kitu kimoja. Sivyo. Yule mwenye macho ya buluu ni haski wa Siberia. Wanamwita Thalj, maana yake theluji. Si mkubwa, anavuta mzigo mwepesi na kwenda mbali bila kuchoka. Habweki, analia kwa sauti ndefu kama mtu anayeimba msibani. Yule mweupe pe, Lulu, ni samoyedi. Wenyewe huko kwao walimtumia kuchunga wanyama na kulala naye hemani awape joto. Mdomo wake umepinda juu, utadhani anatabasamu hata akiwa na njaa. Barq ni haski wa Alaska, mwembamba, miguu mirefu, mchanganyiko wa damu nyingi, amezalishwa kwa ajili ya mashindano ya mbio tu.

Na Dhib. Huyo ni malamuti, mkubwa kama ndama, macho ya kahawia. Yeye hana mbio. Ni wa mizigo mizito. Nikikaa chini alikuwa anakuja kuniegemea kwa uzito wake wote, nami nilikuwa namsemesha Kikeiyo. Hapa hakuna mwingine wa kumsemesha hivyo.

Idi ilipokwisha, familia ilisafiri kwenda Ulaya kukimbia joto. Tulibaki mimi na Saada, mpishi, mama wa Pangani huko Tanzania, mtu wa swala zote. Nilikuwa nahesabu likizo yangu. Kafili alikuwa ameahidi kwamba wakirudi atanisainia ruhusa ya kutoka nchini, nije nimwone mwanangu Carolyne.

Siku moja adhuhuri AC ya mbwa ilizimika. Stima ilikuwepo, ni mashine yenyewe iliyoungua. Nikampigia msimamizi aliyeachiwa nyumba. Akasema fundi atakuja baada ya alasiri, niwamwagie maji. Shangazi, maji ya huku mwezi wa Agosti yanatoka kwenye tangi la juu ya paa. Ungeweza kukorogea ugali. Nikachukua barafu yote ya jikoni, ikayeyuka mikononi mwangu. Manyoya yao ni mazito, tabaka mbili, hayajui jua. Ulimi wa Dhib ukawa kama maini.

Palikuwa na mahali pamoja tu penye baridi ambapo tulikuwa na ufunguo wake: majlis, ukumbi wa wageni wa kiume, wenye mazulia ya mama mwenye nyumba. Nikampigia msimamizi tena, nikamwomba. Akakataa kabisa, akakata simu.

Saada alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Tangu nimjue alikuwa anakusanya gauni lake akipita karibu na mbwa. Akaingia, akainama.

"Jebet, wewe shika kichwa, mimi nashika miguu."

"Saada, mate yake."

"Nitajitwaharisha. Maji yapo, na Mungu anaona. Shika."

Thalj na Barq walitembea wenyewe. Lulu tulimbeba. Dhib alikuwa wa mwisho kwa sababu ya uzito. Tulimburuta juu ya shuka, tukipumzika, tukiburuta tena, na Saada akilia huku anasoma dua. Dhib alikata roho kwenye kizingiti cha majlis, mwili nusu kwenye jua, nusu kwenye baridi. Lulu alitapika damu kwenye zulia, akafa kabla ya magharibi, na ule mdomo wake umepinda vilevile. Fundi alifika tukiwa tunawafunika. Daktari wa wanyama alifika baada yake.

Familia ilirudi mapema. Yule kijana mwenye mbwa aliketi chini katika chumba chao, akalia kama mtoto. Nilimhurumia, nilidhani atatutetea. Lakini mama yake aliona zulia, na msimamizi alikuwa ameshasema kwamba tuliwaacha mbwa juani, halafu tukaogopa tukawaingiza ndani. Hakuna aliyetuuliza sisi. Saada alirudishwa kwa wakala wa ajira asubuhi iliyofuata. Hata kufunga sanduku lake hakuachwa. Kanga zake bado ziko hapa chini ya kitanda changu, na sijui alikopelekwa.

Mimi nilingoja nifukuzwe pia. Shangazi, nilitamani kufukuzwa. Nikamwendea kijana, nikamkumbusha ruhusa niliyoahidiwa na baba yake.

"Huendi popote," alisema. "Nani mwingine atawagusa mbwa?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Thalj na Barq amewagawa kwa rafiki yake wa mjini, asiwaone tena. Thalj alipopandishwa gari aliimba mpaka gari likapotea. Nami siruhusiwi kutoka sasa, hata Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kwenda kanisani Mesaimeer. Naisali misa peke yangu kwenye chumba cha kufulia, na maneno hayaji.

Jana wameleta sanduku kutoka uwanja wa ndege. Ndani mna watoto wawili wa malamuti. AC ni mpya. Mmoja alinilamba vidole, nikaondoa mkono, akaufuata. Sina nguvu ya kuwapenda, Shangazi, na nitawalisha kila siku.

Nisalimie Mjomba Wesley, Githinji na mkewe, na mama wa kanisa wote wanaoniombea. Wasiache. Mungu alitunze goti lako na awape jua la kutosha kukausha viazi.

Carolyne nilimwacha akinyonya. Mwambie sitakuja Agosti hii, wala sijui ni lini. Usimwambie habari za mbwa. Na kama ameanza kukuita wewe mama, tafadhali usimkataze tena. Mwitikie.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata huku,
Jebet