Helmeti Uliyomnunulia

Bura, Jumapili

Wifi Wanji,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mtoto ananyonya vizuri, na jirani yetu Ardo hutuletea maziwa ya ngamia kila asubuhi.

Siku tulipomzika kaka yako, uliniuliza kama alikuwa amevaa helmeti uliyomnunulia, nikainuka kwenda kumnyonyesha mtoto. Wifi, huku watu wa boda huivaa wakikaribia kizuizi cha polisi. Wakishapita, inageuka kikapu cha kutundika kwenye usukani. Kang'ethe alikuwa akiniletea mayai kutoka Garissa, eti mzazi hawezi kuishi kwa maziwa tu. Aliyatia humo, akayafunika kwa shuka.

Pikipiki iliteleza mchangani, kichwa kikagonga jiwe.

Mayai hayakuvunjika hata moja.

Usimwambie Mama.

Mwenzako katika msiba,
Mirriam