Kaka Hemedi Ameng'oa Mabingobingo Yako

Baba,

Shikamoo. Nilitaka kukuandikia kwa upole, nimeshindwa. Kaka Hemedi ameng'oa mabingobingo yako. Yote, Baba. Kuanzia juu mpakani na chai hadi bondeni kwa Mama Zuhura.

Arobaini yako ilikuwa haijatimia. Mimi nilikuwa nimerudi Kabuku kuangalia watoto. Nilipopanda tena Dindira nikakuta mashina yamerundikwa kando ya njia, mizizi juu, yanakauka. Nikamuuliza. Akasema, "Majani ni majani tu. Napanda tangawizi."

Majani tu! Mtu aliyeyakata kumlisha ng'ombe tangu utotoni, akajikuna mikono kwa vile vinywele vya jani, hajui hata kwamba mahindi hufa msimu ukiisha, lakini haya ukiyakata yanachipua tena, mwaka hadi mwaka, mpaka yanampita mtu mrefu kimo. Hajui kwa nini hukupanda mbegu. Mimi ulinionyesha lile shuke lenye manyoya kama brashi ya kuoshea chupa, ukanipukutishia kiganjani: "Hizi zitakudanganya, mwanangu. Huota chache sana." Ukakata kipande cha bua chenye vifundo vitatu, viwili ukavizika kwa mshazari, kimoja ukakiacha nje. Ukaniambia kila kifundo kina jicho lake, na mizizi ikishatoka hapo inashonana, udongo hauendi popote.

Nilimweleza haya mbele ya baba zangu wadogo. Baba mdogo Shabani akanikatiza: "Wewe umeolewa Kabuku. Mambo ya shamba waachie wenye shamba." Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilinyamaza.

Vuli ikaja. Siku mbili tu za mvua, kingamaji la tatu, tuta ambalo mizizi yako ilikuwa ikilishika, likakatika, la chini likafuata, tope likavunja mlango wa jiko la Mama Zuhura. Alikuwemo na mjukuu wake. Mtoto alitolewa tope likiwa limemfika kifuani. Mzima, alhamdulillahi. Tangawizi yenyewe imekwenda na mto.

Unajua Hemedi alisema nini? "Kazi ya Mungu."

Hapo, Baba, sikunyamaza. Nilimwambia watu wote wakisikia: "Mungu alikupa mizizi. Wewe ndiye uliyeing'oa." Baba mdogo akainua mkono kunizuia. Mama Zuhura, kanga yake yote tope, akasema, "Mwacheni aseme."

Na wewe pia nina neno nawe. Kwa nini ulinifundisha mimi peke yangu, huku ukijua shamba utawaachia wao? Ulidhani watanisikiliza? Nisamehe. Lakini ningekuuliza hata kama ungekuwa hai.

Wiki iliyopita wazee wamenikubalia nipande upya mteremko wote. Mume wangu ameniruhusu kukaa huku mpaka masika. Vipande vya bua nimeviomba kwa watu wa ng'ambo ya bonde, na kina mama wanne wanakuja kunisaidia kuchimba. Hemedi hajaja. Akija nitamfundisha, ingawa leo sitaki hata kuuona uso wake. Nitamfundisha na binti yake. Sitamwachia mtu mmoja tu kama ulivyofanya.

Mungu akulaze pema, Baba. Wewe pumzika. Hasira niachie mimi, nina kazi ya kuipa.

Mwanao,
Mwanaidi